Dumu la Masika

Kwetu Karatu petroli ilikuwa na majira yake, kama mahindi. Kiangazi ilipatikana kituoni kwa bei iliyoandikwa ubaoni. Masika yakianza, ubao haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jibu. "Yamekwisha, mzee." Hapo ulizunguka nyuma ya maduka, ukauliza kwa sauti ya chini, ukaonyeshwa dumu la lita 20. Dumu lilikuwa na bei yake, na haikuandikwa popote.

Sababu tuliyopewa ilikuwa moja tu: barabara. Siwezi kuikataa yote. Kabla ya lami kutufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Wajapani, lori la mafuta lilitoka Makuyuni katika vumbi hadi Mto wa Mbu, kisha likaupanda ukingo wa Bonde la Ufa, kona baada ya kona, Ziwa Manyara likibaki chini. Mvua ikinyesha, udongo wetu mwekundu huteleza kama sabuni. Lakini mafuta ya dumu yalikuwa yamepanda mlima ule tangu kiangazi, barabara ikiwa kavu. Hili ndilo lililotuchoma.

Mwanzoni mwa mwaka 1998, mvua za El Niño ziliponyesha bila kupumzika, baba alikuwa na vitunguu Mang'ola, magunia 30, vimekwisha ng'olewa. Kitunguu kilicholowa hakisubiri. Tulifika kituoni na pikapu tukaambiwa yamekwisha. Nyuma ya maduka tulimkuta kijana wa kituo kile kile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona bei si ya juzi?"

"Mimi nimetumwa tu, baba yangu."

Baba alitoa fedha zote, tukapata nusu ya dumu. Tuliokoa magunia 12. Yaliyobaki tuliyakuta wiki iliyofuata yakinuka, na ada ya dada yangu ikawa imeozea humo. Alirudi shule muhula mzima baadaye.

Wazee waliona dhiki yetu ni ya watoto. Wao walikumbuka mwishoni mwa mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta kwa sababu ya vita na Israeli, pipa likatoka dola 3 hivi hadi karibu 12 ilipofika Januari 1974. Walikumbuka mpaka wa Kenya kufungwa mwaka 1977, magari ya watalii kutoka Nairobi yakakoma kushuka kreta ya Ngorongoro hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Katikati yake vikaja vita vya Kagera, na bei ya dunia ikaruka tena mwaka 1979. Tulikuwa na kiwanda chetu cha kusafisha mafuta, TIPER, kule Kigamboni tangu mwaka 1966, lakini mafuta ghafi yalinunuliwa kwa dola, na dola hazikuwapo. Ndipo magari binafsi yakakatazwa barabarani Jumapili baada ya saa 8 mchana. Babu yangu, ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli, aliisifu sana amri hiyo.

Biashara ya mafuta ilipoachwa huria mwaka 2000, dumu la nyuma ya duka lilififia, na sasa ubao wenyewe ukaanza kucheza. Ilikuwa hadi Januari 2009 ndipo EWURA ilipoanza kutangaza bei kikomo, mji kwa mji. Nilipoona jina la Karatu katika jedwali nilifurahi kama mtu aliyetajwa redioni. Kisha nikasoma tarakimu: juu ya Arusha, na Loliondo juu yetu. Umbali unalipiwa. Hilo nalikubali, maana limeandikwa. Ubishi ulibaki. Agosti 2011 bei ziliposhushwa, wauzaji nchini waligoma kufungua pampu, tukapanga foleni kwa siku kadhaa. Na mwaka ule ule ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa hadi karibu na wa dizeli ili kuwakomesha wachakachuaji. Mama yangu, aliyesomea Biblia kwa kibatari, hakuwa amechakachua kitu.

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha kila kitu, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa Juni. Julai ndio msimu wa watalii, na mpwa wangu anayeendesha gari la kwenda kreta alikuwa amekwisha kubaliana nauli na wageni wake miezi mingi kabla. Tofauti aliilipa mwenyewe.

Siku hizi bei mpya hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mpwa wangu hujaza tangi Jumatatu. Ikinong'onwa kwamba bei itapanda, Jumanne jioni ukifika kituoni unaweza kukuta kamba imefungwa mlangoni na kijana ameketi kivulini. Nilimwuliza mmoja mwaka jana, kiangazi, lami ikiwa kavu hadi lango la Ngorongoro.

"Yamekwisha, mzee."

Nilijikuta nimeanza kuzunguka nyuma ya maduka.