Depo ya kupanga: mbele ya kulipa, uliza ufunguo utabaki na nani

Katika miji ya mashariki ya Kongo, depo si ya wafanyabiashara wakubwa tu. Mama anayeshusha maharagi ya Masisi hapa Goma, kijana anayejenga na kununua sima kidogo kidogo, familia inayohama na nyumba mpya haijaisha: wote wanatafuta pahali pa kuweka vitu. Mara nyingi ni chumba kimoja ndani ya parsele ya mutu, karibu na soko ao bandari, kiko na mulango wa chuma na kadena.

Kuna namna mbili, na wengi wanazichanganya. Ya kwanza, unapanga chumba chote: unalipa kwa mwezi, unaweka kadena yako, ufunguo unabaki kwako. Ya pili, unamwachia mwenye depo mizigo, unalipa kwa kila mufuko, na ufunguo uko naye. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba inatenganisha mambo hayo mawili. Mwenye kupokea kitu ili akichunge anapaswa kukichunga sawa vile anachunga vyake, na kukirudisha kile kile. Mwenye kukupangisha chumba, yeye amekupa pahali tu. Mufuko ukikosekana, itakuwa vigumu kumuuliza.

Kwa hiyo kama ufunguo unabaki kwake, karatasi iseme mifuko ni mingapi, kilo ngapi, alama gani, tarehe gani, na wote wawili watie sahihi. Kilo ni za lazima, kwa sababu mufuko unaweza kufunguliwa, kupunguzwa na kushonwa tena. Risi ya makuta peke yake haitoshi: inaonyesha ulilipa, haionyeshi uliweka nini. Piga karatasi hiyo picha ndani ya simu. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache kisha Nyiragongo kulipuka, wakaaji wa kartie nyingi za Goma waliambiwa wahame. Siku kama hiyo hakuna mwenye muda wa kwenda kuhesabu mifuko.

Kuangalia depo, enda siku mvua imenyesha. Inua macho kwenye manjanja, kisha gusa sakafu na ukuta chini kwa mukono. Ukuta uliopakwa rangi mupya chini tu, uliza majirani maji yalifika wapi. Huko Uvira, mafuriko ya Aprili 2020 yaliingia nyumba nyingi.

Mifuko isikae kwenye sakafu. Weka mbao ao paleti, uache nafasi ya mukono mumoja kati ya mizigo na ukuta. Sima usipandishe zaidi ya mifuko 10, na ile ya zamani itoke ya kwanza. Mahindi yaingie yakiwa makavu kabisa. Kupima: tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa dakika chache, chumvi ikishika kwenye chupa, yarudishe kwenye jua. Na bidoni ya esanse isilale pamoja na unga, hata kama kadhafi ni ndugu yako.

Jambo moja linauliziwa kidogo sana: ni nani analala nyuma ya ukuta? Depo nyingi zimeshikana na vyumba vya watu. Wafanyabiashara wengine wanaweka vidonge vya fosfidi ya aluminiumu ili kuua fukuzi. Vidonge hivyo, vikikutana na unyevu wa hewa, vinatoa gazi inayoua hata watu, na gazi hiyo inapita katika mbao na matundu ya ukuta. Katika depo iliyo ndani ya parsele yenye watu havipaswi kutumiwa hata kidogo. Kama mizigo ni ya watu wengi, uliza mwenye depo wengine wameweka nini. Ukisikia harufu ya kitunguu saumu ao samaki aliyeoza, usiingie kutafuta inatoka wapi: toa watoto na watu wote inje, mwite mwenye depo, na mwenye kutapika ao kukosa pumzi apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Wakati mwingine gazi hiyo haisikiki harufu yoyote.