Obamacare: Tovuti Ilikwama na Hakuna Aliyejua Ni Wapi

Watu sita. Hao ndio waliofanikiwa kujiandikisha bima ya afya kwenye HealthCare.gov siku ya kwanza, tarehe 1 Oktoba 2013. Namba yenyewe haikutoka kwa wapinzani wa Obama. Ilikuwa kwenye maandishi ya mikutano ya ndani ya serikali, ambayo kamati ya Bunge la Marekani iliyatoa hadharani baadaye. Mamilioni ya watu walifungua hiyo tovuti siku hiyo, na sita wakafika mwisho. Sita, wasee. Hawajazi hata nusu ya matatu ya abiria 14. Kufikia mwisho wa siku ya pili walikuwa wamefika 248.

Ukitaja Obamacare leo, watu wengi watakuambia ni siasa. Mimi nataka tuongelee ile sehemu ambayo siasa haikuweza kusaidia: serikali tajiri kuliko zote duniani ilikuwa na tovuti iliyokwama, na kwa wiki kadhaa haikujua imekwama wapi.

Kwanza, kwa nini ilikuwa muhimu hivyo? Kabla ya 2014, kampuni za bima Marekani zingeweza kukukataa kwa sababu tayari una ugonjwa. Una kisukari? Uliwahi kupata saratani? Pole, tafuta kwingine. Sheria ya Obama ilipiga marufuku hiyo tabia kuanzia tarehe 1 Januari 2014, na majimbo 36 yalitegemea tovuti moja ya serikali kuu kuandikisha watu. Ili bima ianze siku hiyo, ulikuwa unatakiwa ujiandikishe kabla ya Krismasi. Kwa hivyo kila siku tovuti ilipokuwa inazunguka tu, kuna mgonjwa mahali alikuwa anahesabu siku.

Sasa angalia venye kila mtu alikuwa na jibu lake. Maelezo ya kwanza ya serikali yalikuwa kwamba watu ni wengi mno. Todd Park, aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa Ikulu, alisema walitarajia watumiaji kama 50,000 hadi 60,000 kwa wakati mmoja, wakaja 250,000. Hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Magazeti yaliripoti kwamba kwenye majaribio ya siku chache kabla ya uzinduzi, mfumo uliganda na watu mia chache tu. Hao si wengi mno. Makontrakta nao, na walikuwa zaidi ya 50, kila mmoja alisema sehemu yake iko sawa, shida iko kwa jirani. Mbele ya Bunge walinyoosheana vidole kama watoto waliovunja dirisha.

Na ukifikiria, wangeweza wote kuwa wanasema ukweli venye wanauona. Mfumo kama huo ni mnyororo. Unafungua ukurasa, seva moja inapokea ombi lako, inauliza nyingine kama wewe ni wewe, hiyo inauliza hifadhidata, halafu kuna maswali yanaenda kwa idara ya kodi kuhusu mapato yako, na kadhalika. Kila kiungo kina mwenyewe. Kila mwenyewe anaangalia logi zake peke yake. Wewe uliye nje unaona kitu kimoja tu: duara linazunguka. Zile sekunde nane zimepotelea kiungo gani? Hakuna anayeweza kukuambia mpaka mtu akusanye takwimu za viungo vyote na kuziweka mahali pamoja, kwa saa ileile, zisomwe upande kwa upande.

Hapo ndipo hii historia inaniuma, kwa sababu vyombo vya kufanya hivyo vilikuwepo zamani. Tobias Oetiker alitengeneza MRTG mwaka 1995, programu ndogo ya kuchora grafu za msongamano kwenye mtandao. Nagios, ambayo mwanzo iliitwa NetSaint, ilitoka 1999. New Relic ilianzishwa 2008, na kazi yake ni hiyohiyo: kukaa ndani ya programu na kuhesabu kila ombi limetumia muda gani kwenye msimbo, muda gani kwenye hifadhidata, muda gani kungoja mtu wa nje. Mwaka 2011 wahandisi wa Etsy, soko la mtandaoni la vitu vya kutengenezwa kwa mkono, walitoa bure chombo chao cha StatsD ili mtu yeyote aweze kupima karibu chochote. Yaani kufikia 2013, duka la kuuzia watu mishumaa na shanga lilikuwa linajiona vizuri kuliko tovuti ya serikali iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola.

Katikati ya Oktoba, Ikulu ilimleta Jeff Zients asimamie ukarabati, na kikundi kidogo cha wahandisi kutoka nje kikaanza kuingia. Mmoja wao alikuwa Mikey Dickerson, jamaa wa Google ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha mifumo haianguki. Steven Brill aliandika simulizi yao kwenye jarida la Time mwezi Machi 2014, na kitu kilichowashtua wageni hao ni kwamba hakukuwa na dashibodi. Hakuna skrini hata moja ya kuonyesha watu wangapi wako ndani, kurasa zinachukua muda gani, makosa yanatokea wapi. Kwa hivyo kabla ya kugusa kitu kingine walijiundia moja, ya haraka haraka, kwa saa chache.

Kuna watu watasema hiyo si kazi, hiyo ni kuchora grafu. Hapana. Grafu ndiyo iliyobadilisha mabishano kuwa orodha ya kazi. Ilionekana, kwa mfano, kwamba data zinazoitwa mara kwa mara hazikuwekwa karibu. Fikiria mwenye duka ambaye kila mteja akiomba sukari, yeye anakimbia mpaka godauni, ilhali angeweka pakiti ishirini kwenye rafu na mambo yaishe. Hifadhidata ilikuwa inakimbizwa godauni mara elfu kwa jambo lilelile. Walipoweka rafu, anasema Brill, muda wa ukurasa kufunguka ulishuka kutoka sekunde nane hadi mbili. Si ati walinunua dunia nzima ya seva mpya. Walijua pa kugusa.

Kikwazo kingine kikubwa kilikuwa mlangoni. Tovuti ilimlazimisha kila mtu afungue akaunti kabla ya hata kuona bei. Kwa hivyo hata yule aliyekuja kuchungulia tu alipitia sehemu nzito zaidi ya mfumo, na foleni ikaanzia hapo. Sijui nani alifikiri hilo ni wazo zuri. Hata Gikomba unaangalia nguo kwanza.

Dickerson pia aliweka kanuni za chumba cha mkutano, na mimi ningezibandika kwenye kila ofisi ya umma. Mkutano ni wa kutatua shida, anayetaka kulaumu mwenzake atafute kwingine. Anayeongea ni yule anayejua jambo, si mwenye cheo. Na mnashughulikia kitakachowaumiza ndani ya saa 24 hadi 48 zijazo. Mkutano ulikuwa mara mbili kwa siku, kila siku.

Haikuwa laini. Tarehe 27 Oktoba kituo cha data kilichobeba sehemu ya mfumo kilipata hitilafu, kila kitu kikalala. Siku tatu baadaye waziri wa afya, Kathleen Sebelius, alikuwa Bungeni akijibu maswali, huku televisheni ikionyesha kando yake kwamba tovuti iko chini wakati huohuo. Aki.

Mwaka huohuo wa 2013, sisi hapa tulikuwa na yetu. Usiku wa matokeo ya uchaguzi wa Machi, skrini za Bomas zilionyesha kura zilizoharibika zaidi ya 300,000. Wachambuzi wakakaa studio wakieleza kwamba Wakenya walichanganywa na karatasi sita za kura. Baadaye mwenyekiti wa tume, Isaack Hassan, akasema programu ilikuwa na hitilafu iliyozidisha hizo kura kwa nane. Kwa siku kadhaa mwananchi alilaumiwa kwa hesabu ya kompyuta.

Turudi Marekani. Tarehe 1 Desemba 2013 serikali ilitoa ripoti ya maendeleo, na hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Muda wa kujibu: kutoka sekunde 8 hadi chini ya sekunde moja. Makosa: kutoka asilimia 6 hadi chini ya asilimia moja. Uwezo: watu 50,000 kwa wakati mmoja. Zaidi ya marekebisho 400 yalikuwa yamefanywa. Na mstari mmoja wa kuaibisha kabisa: mwanzoni mwa Novemba, tovuti ilikuwa inafanya kazi takribani asilimia 42 ya muda. Waliiandika wenyewe, wakaitoa kwa wananchi. Kufikia mwisho wa msimu wa kwanza wa kujiandikisha, masika ya 2014, watu milioni 8 walikuwa wamechagua bima nchi nzima, ukihesabu na majimbo yenye tovuti zao.

SHA ilianza kazi hapa kwetu tarehe 1 Oktoba 2024, miaka kumi na moja kamili baada ya ile ya Obama, tarehe ileile. Kila mtu ana maoni kuhusu SHA, na ukiingia TikTok sai utapata kumi kabla hujamaliza chai. Mimi nataka karatasi moja tu: mwezi uliopita mfumo ulikuwa hai asilimia ngapi ya muda, ombi la hospitali lilichukua sekunde ngapi kujibiwa, na mangapi yalifeli. Kaunti kwa kaunti, kama inawezekana.