Harufu ya Dawa ya Kuchua na Kichaka cha Milima ya Nepal

Bila shaka unaijua ile harufu kali ya dawa ya kuchua misuli. Leo tutaifuata hadi ilikotoka, kwani historia yake ina onyo kwa kila mzazi.

Katika milima ya Nepal huota kichaka kiitwacho dhasingre. Wataalamu hukiita Gaultheria fragrantissima. Ni cha jamii moja na erika, ile miti midogo inayoota juu ya msitu wa Mlima Kenya. Wenyeji hula matunda yake yaliyoiva. Majani yakipondwa hutoa harufu hiyo unayoijua. Wilayani Dolakha, majani hayo hupikwa kwa mvuke ili kukamua mafuta, nayo hupakwa kwenye viungo vyenye baridi yabisi.

Amerika Kaskazini kuna ndugu yake mfupi, Gaultheria procumbens. Wenyeji asilia wa huko walichemsha majani yake wakanywa kama chai ya kutuliza homa na maumivu. Jina Gaultheria linamkumbuka Jean-François Gaultier, daktari wa Quebec.

Mwaka 1843 mkemia Mfaransa Auguste Cahours aligundua kilichomo ndani ya mafuta hayo: methili salisileti, dawa iliyo ndugu wa aspirini. Baadaye viwanda vilijifunza kuitengeneza bila majani. Ndiyo maana leo harufu ya mlimani imo katika tyubu nyingi madukani.

Sasa sikiliza kwa makini. Chai ya majani ina dawa kidogo sana. Mafuta yaliyokamuliwa karibu yote ni dawa. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi ni sawa na zaidi ya tembe 20 za aspirini za miligramu 300. Kiasi hicho chaweza kumuua mtoto mdogo.

Kwa hiyo usinywe dawa ya kuchua kamwe, wala usiipake kwenye kidonda. Iweke mbali na watoto. Unayetumia wafarini, muulize daktari kwanza, kwani hata ikipakwa yaweza kuzidisha kutokwa na damu. Mtoto akiimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja, nawe ubebe chupa yenyewe.