Lugha ya Jikoni na Lugha ya Shule: Habari za Ngara na Biharamulo

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za lugha zisemwazo nyumbani na lugha zisemwazo shuleni, na jinsi mambo ya kale yalivyozitenga. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na kwetu ni Ngara. Basi nikitaja lugha ya nyumbani, jueni kwamba natoa habari za jiko la mama yangu.

Kusikilizana kwa lugha nyingi si jambo jipya katika nchi ile. Mwaka wa 1861 Speke, yule Mwingereza aliyekuwa akitafuta chimbuko la mto Nile, alipita katika nchi ya Usui, ambayo leo sehemu yake imo katika wilaya ya Biharamulo. Mtawala wa huko, ambaye Speke anamwita Suwarora, alimzuia njiani akitaka hongo. Je, walisemezana kwa namna gani? Speke alizoea kusema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, msimamizi wa watu wake. Huyu Bombay kwa kabila alikuwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akapelekwa Bara Hindi, na huko ndiko alikojifunza lugha hiyo. Bombay aliyageuza maneno kwa Kiswahili, na mtu mwingine akayageuza kwa lugha ya nchi. Habari ya hongo ilipita vinywa vitatu kabla ya kufika sikioni mwa mfalme. Sishangai kwamba shauri lile lilichukua siku nyingi.

Baadaye wakaja Wadachi. Boma lao la Biharamulo lingali limesimama hata leo. Wao waliona ni vyepesi kutawala kwa Kiswahili kuliko kujifunza lugha mia. Katika miaka ya 1890 ilifunguliwa shule ya serikali huko Tanga, na vijana waliotoka katika shule za namna hiyo wakawa makarani na maakida mpaka bara. Waingereza waliowafuata walishika njia ile ile. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka wa 1923. Mwaka wa 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake. Shule za misheni ziliweza kutumia lugha ya wenyeji katika madarasa ya mwanzo, walakini mtoto aliyetaka kuendelea mbele hakuwa na budi kukijua Kiswahili.

Sasa sikilizeni habari ya mpaka, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Zamani Bugufi, ambayo leo imo katika wilaya ya Ngara, ilihesabiwa kuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Mwaka wa 1916, katika vita kuu ya kwanza, majeshi ya Wabelgiji yalifika Biharamulo yakiwafukuza Wadachi. Vita ilipokwisha, tarehe 30 Mei 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipatana namna ya kugawana nchi. Ruanda na Urundi zikawa za Wabelgiji, lakini Bugufi ikabaki upande wa Tanganyika. Gisaka nayo ilikuwa imekatwa kutoka Ruanda kwa namna hiyo hiyo, ila yenyewe ilirudishwa baada ya miaka michache. Bugufi haikurudishwa. Mwaka wa 1948 Mwami Mwambutsa wa Burundi aliidai mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa, asiipate.

Watu wengi wakisikia habari ya mpaka hufikiri juu ya mashamba na kodi. Mimi nafikiri juu ya ubao wa darasani. Kihangaza, Kishubi, Kirundi, Kinyarwanda na Kiha ni lugha za ukoo mmoja. Mhangaza na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Walakini ng'ambo ya mpaka Kirundi kiliingia shuleni, kikapata vitabu vyake, na katika matengenezo ya elimu ya mwaka wa 1973 serikali ya Burundi ilikifanya kiwe lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Kwetu, mwaka wa 1967, baada ya Azimio la Arusha, Kiswahili ndicho kilichofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Hivyo maneno yale yale ya jikoni, upande mmoja wa bonde yaliandikwa kwa chaki, na upande wa pili yaliachwa nje pamoja na fimbo za kuchungia.

Simlaumu aliyeamua hivyo. Nendeni Biharamulo siku ya gulio mkatazame: Wasubi, Wazinza, Wahaya, Wasukuma na wengine, wote wanauziana na kukopeshana kwa Kiswahili, wala hakuna anayemwona mwenzake kuwa mgeni. Mwalimu wa huko akiambiwa afundishe kwa lugha ya mama, atauliza, mama yupi? Kiswahili kimetupa undugu, na mimi mwenyewe ninakula kwa kazi ya kukifundisha.

Nilikuwa darasa la pili mwaka wa 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, kwa muda wa kama siku moja tu, wakaenea katika kambi ya Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Wengi wao walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi nao walikaa katika kambi ya Lukole mpaka ilipofungwa mwaka wa 2008. Mambo ya huzuni ya siku zile yamesimuliwa na wengine. Mimi nataka kuwasimulia jambo dogo.

Watoto wa kambini walisomeshwa kwa mafundisho ya kwao: Wanyarwanda kwa Kinyarwanda na Kifaransa, Warundi kwa Kirundi na Kifaransa. Nilifanya urafiki na mtoto mmoja wa Kirundi, tukichunga pamoja. Siku moja alichukua kijiti akaandika mchangani: umwana, imvura, amata. Nikayasoma, moyo wangu ukashtuka, maana yalikuwa maneno ya mama yangu! Sikuwa nimepata kuyaona yameandikwa mahali popote. Yeye mkimbizi, asiye na nyumba wala shamba, aliweza kuandika lugha niliyonyonyeshwa nayo; mimi mwenye nchi sikuweza.

Wala shuleni kwetu nisingethubutu. Palikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Aliyesikiwa akisema Kihangaza alivikwa shingoni, naye akikaa akitega masikio apate mwenzake wa kumvika. Jioni aliyebaki nacho alichapwa. Tukajifunza kupeleleza kabla ya kujifunza kuhesabu. Nakumbuka pia mwenzetu aliyesema, "Mwalimu, twende kura," akimaanisha kula, kwa kuwa katika lugha yetu L na R hazikutengwa kama katika Kiswahili. Darasa zima lilimcheka. Hakuinua mkono tena mwaka ule.

Mliosema kwamba hayo yamepita, ngojeni kidogo. Kazi yangu hunipeleka kuwatazama wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Miaka michache iliyopita nilimkuta kijana mmoja, mzaliwa wa pwani, akifundisha darasa la kwanza katika kijiji kimoja cha Ngara. Amechora ng'ombe ubaoni, tena amemchora vizuri. Akauliza, "Huyu ni nani?" Kimya. Akauliza tena kwa sauti kuu. Kimya. Watoto wale hulala na kuamka na ng'ombe! Katika daftari lake alikuwa ameandika kwamba darasa lake ni zito la akili. Nikaomba aitwe binti mmoja wa darasa la sita. Binti akauliza swali lile lile kwa Kihangaza, na darasa zima likaitika, "Inka!" Akawaambia, "Inka kwa Kiswahili ni ng'ombe." Wakarudia mara tatu, kisha mmoja akasimama mwenyewe akaanza kueleza habari za ndama wa baba yake, nusu kwa lugha hii, nusu kwa ile. Yule kijana wa pwani alifuta maneno yake daftarini bila mimi kumwambia.

Tangu siku hiyo huwafundisha wanachuo wangu wakusanye maneno ya kijiji kabla ya kufungua kitabu. Mengine yako karibu mno: umwana na mwana, imvura na mvua, ijisho na jicho. Mtoto akiyaona huona kwamba Kiswahili ni jamaa yake. Mengine yako mbali, kama izuba, ambalo ni jua, na umutwe, ambao ni kichwa. Hayo ndiyo ya kukaziwa. Huko Biharamulo, ambako lugha ni nyingi, mwalimu atawatuma watoto wenyewe wamletee maneno. Hiyo haihitaji fedha.

Kwa wazazi nina neno moja gumu. Wako wanaowakataza watoto lugha ya nyumbani wakidhani Kiswahili, au Kiingereza cha shule za kulipia, kitakuja upesi zaidi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Wanangu humsalimu bibi yao kwa Kiswahili, naye huwajibu kwa adabu, kama ajibuvyo wageni.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Mradi wa Lugha za Tanzania, kimechapisha vitabu vya msamiati wa lugha nyingi, Kihangaza kikiwa kimojawapo. Nilipompelekea mama habari za kitabu hicho hakuniamini. Nikaketi naye jikoni nikamsomea. Mimi, mwalimu wa walimu, nilisoma silabi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila neno la tatu mama alinisimamisha, akalitamka mwenyewe, nami nikalirudia nyuma yake.