Mkono Unaoshuka Wenyewe

Kongwa husimuliwa kwa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilitangaza mpango wa kulima ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. Januari 1951 mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimepotea. Tunawacheka wakoloni, tunataja mvua, basi.

Mimi huvutwa zaidi na karakana. Kabla mwaka ule wa kwanza haujaisha, karibu theluthi mbili ya matrekta, mengi yakiwa yametumika vitani, yalikuwa yamelala. Udongo wa Kongwa una chembe kali za mawe zinazosaga chuma kama msasa, na kiangazi hukauka mpaka jembe linagonga kana kwamba linalima sakafu. Vipuri vilikuwa ng'ambo ya bahari. Wagogo waliokuwa wakichunga pale vizazi na vizazi wangeweza kueleza habari za ardhi ile bila kudai pauni moja.

Trekta lenye mkono wa kuchimbia mgongoni lilikuwa bado geni. Kampuni ya Joseph Bamford, huko Uingereza, ilitoa lake la kwanza mwaka 1953, Kongwa ikiwa imeshazikwa. Leo matrekta hayo ni ya kawaida Dodoma. Tangu tangazo la Julai 2016 la kuhamishia serikali huko, na hasa baada ya Mtumba kuanza kujengwa, mji umekuwa wa mitaro.

Mkono ule, pamoja na uzito wake, hushikiliwa na mafuta. Pampu huyasukuma ndani ya silinda. Valvu ikifunga, hayana pa kwenda. Vumbi likigandia kwenye fimbo ya silinda huikwaruza na kula sili, na mafuta yakichafuka hukwangua valvu kwa ndani. Hapo mkono huanza kushuka wenyewe, injini ikiwa imezimwa, pengine bila tone moja kuonekana nje.

Wengi hukimbilia kubadili sili za silinda. Wanafunga mpya, wanawasha, mkono bado unashuka, kwa sababu valvu iliyolika inaachia mafuta yarudi tangini. Fundi makini huanza kwa chaki: mafuta yakiwa ya moto, anauinua mkono, anazima injini, anaweka alama kwenye fimbo na kusubiri dakika kadhaa, watu wote wakiwa mbali. Kabla ya kulegeza bomba lolote, anakilaza kijiko chini na kusukuma levea huku na huku mpaka presha iishe.

Tatizo ni mkandarasi anayehesabu siku. Mkono unaoshuka taratibu bado unachimba, kwa hiyo matengenezo yanasubiri wiki ijayo, na kibarua anaendelea kuingia mtaroni kupanga bomba, kijiko kikining'inia juu ya kichwa chake.