Mafundi wa Jua Kali

Vijana wetu wengi huacha vijiji vya Lusangi kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, kana kwamba nyumbani hapana kazi. Tuwape habari za mtaa mmoja wa Nairobi, mji mkuu wa Kenya.

Zamani karakana nyingi za mji ule zilikuwa mali ya Wahindi. Waafrika waliingia humo kama wasaidizi, wakajifunza kazi kwa macho na kwa mikono. Kisha wengine walitoka kujitegemea huko Shauri Moyo na Kamukunji, mitaa ya maskini. Hawakuwa na nyumba wala mashine. Walifua chuma juani, wakaitwa Jua Kali. Mapipa yaliyotupwa waliyageuza kuwa sufuria, masanduku na taa.

Wakubwa waliwadharau. Lakini mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika kwamba kazi hizo zina faida, zisisumbuliwe. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea, akaahidi vibanda vya kuwakinga jua. Miaka hiyo walianza kutengeneza jiko la bati lenye udongo ndani, lisilokula makaa mengi, likaenea nchini.

Basi, tuangalie: msaada ulifuata kazi, haukuitangulia. Papa Pio XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yozefu Mfanyakazi mwaka 1955. Tukimheshimu fundi yule, kila mzee mwenye ufundi amwite kijana mmoja, amfundishe.