Fareen na Breki

Katika gereji za Galbet, mjini Garissa, pedali moja ina majina mawili. Fundi aliyejifunza kazi Thika au Nairobi huiita breki. Mzee aliyezeekea kwenye njia ya Kismayu huiita fareen. Jina la kwanza ni la Mwingereza. La pili ni freno la Mtaliano lililopitia kinywa cha Msomali. Usukani haukuleta tofauti hiyo, kwa kuwa shukaan ya Kisomali na usukani wa Kiswahili ni watoto wa neno moja la Kiarabu, neno la mabaharia, la zamani kuliko gari lenyewe. Breki hazikuja na mabaharia. Zilikuja na majeshi, na kila jeshi liliacha neno lake pamoja na vyuma vyake.

Mwishoni mwa 1940 Garissa ilikuwa kituo cha mbele cha majeshi ya Uingereza yaliyowakabili Waitaliano wa Somalia. Kati ya Mto Tana na Mto Juba kulikuwa na nchi kavu ya vichaka na mchanga, ambako visima vilihesabika kwa vidole. Jenerali Alan Cunningham, aliyeongoza majeshi hayo, alijua kwamba maji na malori ndivyo vingeamua vita kabla ya bunduki. Sehemu kubwa ya malori ililetwa na Waafrika Kusini, mengi yakiwa Ford na Chevrolet. Januari 1941 msafara ukaanza. Afmadow ilitekwa tarehe 11 Februari, Kismayu tarehe 14, Mogadishu tarehe 25. Huko Mogadishu washindi walikuta akiba ya petroli inayozidi galoni laki tatu, wakajaza matangi na kuendelea. Tarehe 6 Aprili walikuwa Addis Ababa.

Vitabu vya vita husifu mwendo huo kwa kasi yake. Ni nadra kukuta kitabu kinachouliza malori hayo yalisimamaje.

Swali si la mzaha. Ford ilikuwa imeacha breki za kuvutwa kwa fito na kuingia breki za mafuta mwaka 1939 tu, miaka miwili kabla ya safari hiyo. Breki za mafuta ni kitu rahisi kueleza na kigumu kutunza. Dereva akikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta kwenye mabomba membamba hadi kila gurudumu. Huko wili silinda hutanua shuu mbili, vile vyuma vya umbo la nusu mwezi vilivyovikwa lainingi, zikabana dramu kutoka ndani. Kila kitu kinategemea raba ndogo iliyo ndani ya silinda, isiyozidi kifuniko cha chupa kwa ukubwa. Raba ikipasuka, mafuta humwagika na pedali huzama hadi sakafuni. Raba ikivimba, gurudumu hubanwa na kukataa kuachia.

Mafuta ya breki ya zama zile yalitengenezwa kwa mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na alkoholi, na raba zilikuwa za mpira wa asili. Atakayejaza oili ya injini kwa sababu ndiyo iliyopo mkononi huivimbisha raba hiyo na kuiua. Somo hilo lilisomwa kwa gharama katika majeshi yaliyotumia malori, na kuna mafundi wanaolirudia hadi leo, huku lori limekwama katikati ya barabara na ng'ombe wakilalamika juu.

Vita vilihitaji madereva na makanika, na Waafrika wengi walifundishwa kazi hizo katika kikosi cha uchukuzi cha Afrika Mashariki na kile cha mafundi wa umeme na mitambo, vilivyojulikana kwa herufi zao, EAASC na EAEME. Vita vilipokwisha mwaka 1945, kulikuwa na malori ambayo jeshi halikuyahitaji tena na vijana waliojua kuyafungua hadi skrubu ya mwisho. Mahali pengi nchini Kenya, hao ndio waliokuwa walimu wa kwanza wa gereji. Cheti hawakupewa, ila walikuwa na kitu bora zaidi: mazoea ya kutengeneza gari bila duka la vipuri karibu.

Mkoa wa kaskazini ulipata sehemu yake ya mali hiyo kwa mgao mdogo. Amri ya 1926 na sheria ya 1934 zilikuwa zimeugeuza kuwa wilaya iliyofungwa, ambako mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Mwenye lori alikuwa mtu mwenye leseni, na leseni ilikuwa ya wachache. Lori moja kwa hiyo lilibeba kazi ya malori kumi: sukari na nguo kwenda, ngozi kurudi, na abiria juu ya mzigo. Chombo cha namna hiyo hakiachwi kwa sababu eti kimechakaa.

Kisha ikaja Bedford RL. Iliundwa Uingereza kuanzia 1953 hadi 1970, lori la magurudumu manne yote yenye nguvu, na ndiyo ilikuwa farasi wa kazi wa jeshi la Mwingereza katika miaka ambayo makoloni yalikuwa yakipata uhuru. Kenya ilipata wake tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwaka haujaisha, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Mabomu ya ardhini yalitegwa barabarani. Kwa dereva aliyeona ghafla udongo uliochimbuliwa mbele yake, breki haikuwa suala la ukaguzi wa trafiki. Hata baada ya amani kutiwa saini, sheria za dharura zilibaki hadi 1991, na kwa miaka mingi magari ya raia yaliingia Garissa kwa msafara, yakisindikizwa na askari.

Bedford ilikuwa na faida moja kubwa kuliko lori lolote la Kiitaliano: jamaa zake walikuwa wengi nchini. General Motors Kenya, iliyoundwa mwaka 1975, ilianza kuunganisha magari Nairobi mwaka 1977, Bedford yakiwemo. Ya raia na ya jeshi yalitoka ukoo mmoja, na baadhi ya vipuri viliingiliana. Fundi wa Garissa aliweza kumtuma tanboi, yaani utingo, Nairobi akiwa na shuu kuukuu ndani ya gunia, akatafute ya kufanana nayo Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan. Biashara ya malori ya Bedford ilipouzwa Uingereza mwaka 1987 na mrithi wake, AWD, kuanguka mwaka 1992, watu wa Grogan hawakuhuzunika sana. Gari likifa kiwandani, vipuri vyake huzaliwa upya kwa bei nyingine.

Upande wa pili wa mpaka mfalme alikuwa Fiat 682, iliyoanza kuundwa mwaka 1952. Hiyo ilitumia breki za upepo: kompresa, tangi, mabomba na dayaframu. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991 na kambi za Dadaab kufunguliwa, watu walivuka na walichoweza kuvuka nacho, yakiwemo magari. Ndipo fundi wa breki alipolazimika kujua lugha mbili kwa maana halisi, ya mafuta na ya upepo. Neno fareen likapata makazi.

Kazi yenyewe haijabadilika sana tangu Bedford ya kwanza. Mawe huwekwa chini ya magurudumu yanayobaki, nati hulegezwa kabla lori halijainuliwa, kisha jeki hupanda taratibu, na gogo nene huwekwa chini ya ekseli, kwa kuwa hakuna fundi mwenye akili anayeiamini jeki peke yake. Ekseli ya nyuma ndiyo yenye jasho. Hafu shafti huvutwa nje kwanza, zikafuata nati kubwa za habu, beringi, halafu dramu, ambayo mara nyingi imeng'ang'ania kwa kutu na hulazimishwa kwa nyundo inayogonga pembeni, si katikati. Ikitoka, fundi haangalii lainingi kwanza. Hupitisha kidole chini ya habu. Kama kidole kinarudi na oili nyeusi, sili ya habu imekufa na lainingi imelowa, na lainingi iliyolowa oili haifai hata ikiwa nene. Kubadilisha lainingi bila kubadilisha sili ni kumwibia mwenye lori mara mbili.

Lainingi za zamani hufungwa kwa riveti za shaba. Kuukuu hutobolewa, mpya huanza kupigwa katikati kuelekea ncha zote mbili ili lainingi isibaki na uvimbe, na vichwa vya riveti huzamishwa chini ya uso. Vikibaki juu, vitaikwaruza dramu mpaka iwe na mifereji kama shamba lililolimwa. Wili silinda hufunguliwa, kutu ikasuguliwa, raba zikabadilishwa zote. Kisha hufika sehemu inayopendwa na watoto wanaochungulia: kutoa upepo. Kijana huketi kwenye kiti cha dereva, fundi hulala chini kando ya gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. “Pampu!” Kijana hukanyaga mara kadhaa. “Shika!” “Nimeshika, adeer,” yaani ami. Fundi hulegeza nati ndogo, mafuta hutoka yakitoa mapovu, hukaza. Hurudiwa hadi mapovu yaishe, gurudumu baada ya gurudumu, jua likisogea.

Kwenye nchi hii breki huuawa na vitu viwili. Mchanga wa laga, yaani mto mkavu wa msimu, huingia ndani ya dramu na kukaa kama msasa. Maji ya mafuriko hulowesha lainingi, na dereva mzoefu akitoka majini hukanyaga pedali kidogo kidogo kwa mwendo mdogo ili zikauke. Unyevu nao, ukinyonywa na mafuta ya breki kwa miezi, huyafanya yachemke mapema, na mafuta yaliyochemka hayasukumi kitu.

Hapo ndipo Garissa inapodanganya. Mji uko mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, na pande zote ni tambarare. Lori lenye breki nusu hufanya kazi hapa mwaka mzima bila aibu. Nairobi iko kilomita 370 hivi kwa barabara, na juu zaidi kwa mita 1,500 na kitu. Lori linalopeleka ng'ombe huko hukutana na miteremko ambayo Galbet haina, tena likiwa na mzigo ulio hai, unaosukumana kuelekea mbele kila dereva anapokanyaga. Fundi aliyeijaribu breki kwenye mchanga wa mtaani ameijaribu nusu.

Malori ya jeshi yaliyochakaa hayaingii tena kwa wingi wa zamani. Viwango vya Kenya haviruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kuundwa, na mali ya serikali iliyopitwa na wakati huuzwa kwa utaratibu wa sheria ya 2015, kwa zabuni au mnada wa hadhara. Yaliyopo yanazeeka pamoja na mafundi wake.

Jambo moja la enzi hizo halistahili kurithiwa. Lainingi za kale zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta maradhi miongo kadhaa baadaye. Ukimkuta fundi akiipuliza dramu kuukuu kwa mdomo au kwa kompresa, mwombe ailoweshe maji kwanza na kuipangusa kwa kitambaa kibichi, na uwaondoe watoto wanaochungulia.